Fundi wa kanda nyuma ya soko kuu la Mtwara, na kanda tatu za mjomba

Nilimpelekea fundi huyu kanda tatu za dakika 90 ili azihamishie kwenye flashi. Bei yake shilingi 10,000 kwa kanda moja, pande zote mbili, flashi unakuja nayo mwenyewe. Aliniambia siku mbili, zikawa tisa. Hata hivyo kazi yake naisifu bila kusita. Ili msomaji anielewe nalazimika kueleza kilichomo kwenye kanda zenyewe, kwa sababu si taarabu wala dansi letu. Ni The Band, bendi ya Kanada iliyoaga jukwaa mwaka 1976, ambayo nimekuwa nikiisikiliza tangu utotoni, na mwezi uliopita ndiyo mara ya kwanza nimeisikia sawasawa.

Kibanda hakina bango. Ukitokea soko kuu upande wa wauza dagaa na ming'oko, unawapita mafundi cherehani wawili, kisha unasikia redio tatu nne zinalia kwa pamoja. Hapo ndipo. Fundi ni kijana wa miaka thelathini hivi, ananiita mzee wangu na ananipa shikamoo kabla hajagusa mzigo. Mezani ana deki mbili za zamani, laptopu, chupa ya spiriti, pamba, bisibisi ndogo za fundi saa, na boksi la kaseti mbovu anazozichuna vipuri.

Kabla yake niliwahi kwenda kwingine, mjini hapahapa, jina nalihifadhi. Yule aliwasha redio kaseti, akaweka simu mbele ya spika, akarekodi. Nilirudi nyumbani na faili lenye feni ndani yake, bajaji inapiga honi, na mtu anaulizia vocha. Juu ya hayo kanda moja ilitafunwa na redio, utepe wake ukakunjamana kama mita moja. Nilikaa miaka miwili bila kuthubutu kumpa mtu mwingine.

Kanda ni za marehemu mjomba wangu, kaka yake mama, aliyenilea Mikindani. Kwetu sisi watu wa huku mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Yeye alikuwa mtunza stoo wa shule ya sekondari, na mwishoni mwa miaka ya 70 shule ilipata mwalimu wa hisabati wa kujitolea kutoka Kanada, aliyekuja na redio kaseti na kanda alizojirekodia kutoka kwenye santuri zake. Mwaka 1981 mwalimu alirudi kwao, redio na kanda zikabaki kwa mjomba. Mjomba hakuwa na Kiingereza cha kufuata mashairi, lakini mwalimu alimsimulia habari za bendi ile kituo kwa kituo, naye akatusimulia sisi barazani jioni kama anavyosimulia habari za ukoo: nani katokea wapi, nani aliingia wa mwisho, nani alimkasirikia nani. Mengine nimeyasoma mwenyewe ukubwani.

Jina lao, The Band, maana yake ni Bendi, basi. Miaka mingi walikuwa wakipiga nyuma ya mabwana wengine, na majirani zao wakawa wanawaita hivyo hivyo tu, ile bendi. Walikuwa watano. Robbie Robertson wa Toronto, mcharaza gita, mama yake mzaliwa wa Six Nations, eneo lililotengwa kwa wenyeji wa asili wa nchi ile. Rick Danko wa vijiji vya karibu na Simcoe, gita la besi. Richard Manuel wa Stratford, piano. Garth Hudson wa London, siyo ya Uingereza, ile ya jimbo la Ontario, Kanada, mpapasa kinanda. Wa tano, Levon Helm, mpiga drams, ndiye pekee asiye Mkanada. Alikuwa mtoto wa mkulima wa pamba Arkansas, Marekani, na alifika Ontario na mwimbaji wa kwao, Ronnie Hawkins, aliyegundua mwaka 1958 kwamba baa za Kanada zina kiu na muziki wake. Vijana wa Hawkins walirudi kwao mmoja mmoja, na kila pengo likazibwa na kijana wa Ontario, mpaka Helm akabaki Mmarekani peke yake nyuma ya bosi wake.

Hudson ndiye aliyeingia mwisho, mwaka 1961, na masharti yake mjomba alikuwa anayarudia kila mara kwa furaha. Alikuwa amesomea muziki, na nyumbani kwao kupiga rock baa kungeleta aibu. Basi akataka anunuliwe kinanda cha Lowrey, na kila mwenzake amlipe dola 10 kwa wiki kama mwalimu wao wa muziki. Hivyo angeweza kuwaambia wazazi wake kwamba anafundisha. Na kweli aliwafundisha.

Namtaja Hudson mapema kwa sababu kinanda chake ndicho kilichonigombanisha na fundi.

Mara ya kwanza aliponiwekea spika nisikilize, mwenyewe alikuwa anatabasamu. Ule mchakacho wa kanda ulikuwa umekwisha kabisa, kimya kama maji ya kisimani. Lakini matoazi ya Helm yamegeuka kitu kama karatasi inachanwa, na kinanda cha Hudson hakipumui. Kile kinanda kina mtetemo wa chini, unaovuta na kuachia, na pale umekatwa. Nikamwambia, mwanangu, umefuta na muziki. Akanieleza kwamba ana programu ya kusafisha kelele, na wateja wengi ndiyo wanaitaka. Nikamwomba arudie bila hiyo. Hakununa na hakuongeza bei. Alisema, "Sawa mzee wangu, wewe ndiye unaijua." Fundi anayekubali kurudia kazi ya dakika 90 kwa sababu ya kinanda kimoja ni wa kuthaminiwa.

Alivyofanya kazi mara ya pili nilikaa naye nikaangalia, na hapa ndipo panapomtofautisha na mwenye simu mbele ya spika. Kwanza alifungua kaseti zenyewe. Kile kipande cha sponji kinachoubana utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha deki kinachosoma utepe, kilikuwa kimedondoka katika kanda mbili. Chumvi ya Mikindani haiachi gundi. Alihamishia utepe kwenye maganda mengine mazima kutoka kwenye boksi lake. Akafuta hedi kwa spiriti mpaka pamba ikatoka nyeupe. Kisha akachukua bisibisi na kuzungusha skrubu iliyo pembeni ya hedi, polepole, huku sikio liko kwenye spika. Hedi ikiinama hata kiasi cha unywele, sauti nyembamba zote zinakufa, na kila kanda ilirekodiwa kwenye deki yenye uinamo wake. Alizungusha robo, akarudisha kidogo, na ghafla sauti ikafunguka kama mtu kafungua dirisha.

Nikasema bado. Danko hana sauti nzito namna ile. Deki ilikuwa inakwenda taratibu, wimbo umeshuka karibu nusu toni. Akaingiza bisibisi kwenye tundu la nyuma ya mota, akaongeza mwendo hadi nikamwinulia mkono. Baadaye tulipima kwa kinanda cha kwenye simu na tukakuta nimekosea kidogo sana.

Hapo nikasikia drams. Mimi nimepiga tumba katika bendi ya dansi mjini hapa tangu 1992 mpaka 2004, kwa hiyo muziki wowote naupokea kutokea chini. Upande wa pili wa kanda ya kwanza ni albamu yao ya 1969, waliyoirekodi katika nyumba ndogo ya pembeni ya bwawa la kuogelea huko Hollywood badala ya studio. Drams zake ni kavu, fupi, za mbao, kama ngoma iliyowambwa vizuri halafu ikawekewa kitambaa. Miaka yote nilidhani ni uchakavu wa kanda. Kumbe ndivyo zilivyopigwa! Na Helm anaimba huku anapiga, na maneno yake anayachelewesha kidogo nyuma ya dramu ya mguu. Kujigawa namna hiyo si jambo dogo, muulize yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya ngoma akapewa maikrofoni.

Waimbaji walikuwa watatu: Helm, Danko na Manuel. Kwenye redio ya mjomba zilikuwa sauti moja yenye ukungu. Sasa nawatenganisha. Manuel anapanda juu mpaka sauti inakaribia kuchanika, Danko anaingia kama aliyechelewa na amekuja mbio, Helm anawashika wote wawili kutoka chini. Hawaimbi kwa kupangana kama kwaya. Mmoja anaanza sentensi, mwingine anaimalizia, kama ndugu wanaokumbushana habari mezani.

Na waliishi hivyo. Mwaka 1965 mwimbaji wa Marekani Bob Dylan aliwachukua wampigie, wakazunguka Marekani, Ulaya na Australia huku watu wakizomea, kwa kuwa walimtaka Dylan wa gita kavu, si wa umeme. Helm alishindwa kuvumilia kuzomewa. Aliondoka mwishoni mwa 1965, akaenda kufanya kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, Ghuba ya Meksiko. Mjomba alipotusimulia hili mimi nilikuwa mtoto na halikuniingia. Limeniingia mpiga drams wetu alipoweka vijiti chini na kwenda kulinda mitambo ya gesi Msimbati; nikajua mtu anaweza kuupenda muziki na bado akachagua kelele za mashine kuliko za wanaomzomea.

Mwaka 1967 wenzake walipanga nyumba yenye kuta za rangi ya pinki huko West Saugerties, jimbo la New York, wakawa wanapiga na Dylan chini ya nyumba, bila haraka, bila hadhira. Wakamwita Helm, akarudi. Albamu ya kwanza ikatoka Julai 1968, ikiwa na jina la nyumba ile. Ndani ya jalada lake kuna picha ambayo mjomba aliwahi kuonyeshwa na mwalimu, na aliitaja mpaka anakufa: wanamuziki wamesimama shambani kwa kaka yake Danko, Simcoe, na wazazi wao, na wazee, na watoto, ukoo mzima umejipanga. Wazazi wa Helm hawakuweza kufika, picha yao ikabandikwa pembeni wasikose. Wakati vijana wa Marekani wanaimba kuwakataa wazazi wao, hawa waliwaita wapigwe picha nao. Mjomba alisema watu wale wana adabu.

Januari 1970 walikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Hapo ndipo kupanda kwao kulipoishia.

Kanda ya pili ina albamu za 1970 na 1971, na fundi, ambaye hajui hata jina la bendi, aliniuliza swali nilipofika kuichukua: "Mzee wangu, huyu wa sauti ya juu mbona huku amepungua?" Alikuwa anamuulizia Manuel. Nilikaa chini nikamweleza, na namweleza na msomaji.

Albamu ya kwanza Manuel ana nyimbo tatu alizotunga peke yake na moja aliyotunga na Dylan. Ya pili ina nyimbo 12, na jina la Robertson limo katika zote. Nane yuko peke yake, tatu ameandika na Manuel, moja na Helm. Kufikia ya nne, 1971, jina la Manuel halimo tena. Ulevi ulikuwa umemshika, dawa za kulevya zilikuwa zimeingia kundini, walikuwa wanagonga magari. Robertson alikuwa anafanya kazi, anaamka na kuandika. Hilo hakuna aliyelikana. Lakini pesa za onyesho mnagawana, mirabaha inakwenda kwa mtunzi, na inaendelea kwenda miaka yote wimbo unapopigwa.

Mkulima wa korosho hahitaji kuelezwa mara mbili. Mnaweza kupalilia watu watano, kupulizia salfa watano, kuokota watano, lakini mzigo ukifika ghalani unapimwa kwa jina moja, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya jina hilo. Helm aliandika baadaye, mwaka 1993, kwamba nyimbo zile zilikua mikononi mwa wote, kila mtu akiongeza chake, na habari nyingi ndani yake ni za kusini kwao Arkansas. Robertson alikataa mpaka mwisho. Alisema yeye ndiye aliyekaa na kalamu. Nimewasikiliza wote wawili kwa haki. Naamini kalamu ilikuwa ya Robertson. Lakini nikisikia ile dramu kavu, na Hudson anavyovuta kile kinanda, najua kuna kazi ambayo fomu ya utunzi haina kisanduku chake.

Bendi yetu ilikuwa ya watu saba. Tulipiga harusi, baa, na kila msimu wa korosho tulipanda Newala, Tandahimba na Masasi pesa zikiwa mikononi mwa watu. Wimbo wetu uliojulikana kuliko yote ulianzia kwenye tumba yangu, mdundo wa sindimba niliokua nao. Mpiga solo akauwekea gita na maneno. Tulipokwenda kuurekodi Dar es Salaam mwaka 2003, fomu ikajazwa jina moja. Sikusema kitu siku ile. Nilisema miezi minane baadaye, jukwaani, mbele za watu, na bendi haikufika Pasaka. Mpiga solo sasa anaishi Tandahimba, na hatujaongea tangu hapo.

Kanda ya tatu ndiyo iliyotafunwa kule kwingine. Ni vipande vya onyesho la kuaga, 25 Novemba 1976, ukumbi wa Winterland, San Francisco. Ukumbi huohuo ndimo walimosimama kwa mara ya kwanza kwa jina lao wenyewe, mwaka 1969, Robertson akiwa mgonjwa kiasi kwamba aliletewa mtaalamu wa hipnosia, yaani wa kumtuliza mtu akili kwa maneno, ili aweze kupanda jukwaani. Safari hii ilikuwa sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, na watu kama 5,000 walilishwa bata mzinga kabla ya muziki. Hawkins, bosi wao wa kwanza, alikuja. Dylan alikuja. Waimbaji Wakanada wenzao, Neil Young na Joni Mitchell, walikuja. Mwongozaji wa sinema Martin Scorsese alipiga filamu. Ni maziko yenye pilau, jinsi walivyoyapanga. Aliyetaka bendi iache kuzunguka ni Robertson. Alichoka na aliogopa kwamba barabara itaua mtu. Helm hakutaka, na hakumsamehe.

Wanne walirudi jukwaani mwaka 1983 bila Robertson. Machi 1986 Manuel alijiua hotelini, Florida, katikati ya ziara. Danko alifariki Desemba 1999. Helm alipata saratani ya koo, akapoteza sauti, akairudisha kwa kuimbia watu ghalani kwake Woodstock, akafariki Aprili 2012. Robertson alikwenda kumwona hospitali siku za mwisho. Robertson mwenyewe alifariki Agosti 2023. Hudson, aliyeingia wa mwisho, ndiye aliyeondoka wa mwisho, Januari 2025, ana miaka 87.

Ile mita moja iliyokunjamana fundi aliinyoosha kwa kidole, akiupitisha utepe kwenye kitambaa laini, akaurudisha nyuma na mbele mara nyingi. Sauti pale inazama kama inapita chini ya maji, kisha inarudi. Aliniambia wazi kabla ya kuanza kwamba haitapona kabisa, na hakujaribu kuficha. Kwangu uaminifu huo una thamani kuliko deki zake mbili.

Yasiyofaa nayasema pia. Ahadi ya siku mbili asiitoe. Umeme ulikatika mara kadhaa, hilo si kosa lake, lakini siku nne kati ya tisa alikuwa anatengeneza spika za harusi za watu na kanda zangu ziko chini ya meza. Ya pili, faili za mwanzo alinipa za MP3 zilizobanwa mno. Nilipouliza ndipo akasema anaweza kutoa WAV, nzito lakini kamili, kwa bei ileile. Asingesubiri kuulizwa. Ya tatu, hakati nyimbo. Unapata faili moja kwa kila upande, dakika 45 mfululizo, ukitaka wimbo wa sita utafute mwenyewe. Mimi hilo halinisumbui, ndivyo nilivyozoea kwa mjomba, ila kijana wa leo atalalamika.

Ukienda, nenda asubuhi, saa tatu hadi saa tano, kabla redio za watu hazijajaa. Chukua flashi ya GB 32. Mwambie asitumie programu ya kusafisha, na mwombe arekebishe hedi kwa kila kanda, si mara moja kwa zote. Na kaa naye dakika tano za kwanza usikilize, kwa sababu masikio anayo lakini kanda yako hakuna anayeijua ila wewe.

Jumatatu nimempelekea kanda ya nne. Ni mazoezi yetu ya 2002, wimbo ule kabla hatujaupa jina, nilirekodi mwenyewe kwa redio ya mjomba ikiwa juu ya kiti. Nimemwomba anitolee nakala mbili, moja yangu, nyingine ya kupanda basi kwenda Tandahimba. Amesema nirudi Alhamisi.